Mali na madeni

Wiki iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Tanga. "Eti mji wenu unafutwa?" Kuna mtu alimrushia habari nusu nusu kwenye WhatsApp, kaona jina Woking, kashtuka. Nikamwambia mji haufutwi, inayofutwa ni kaunsili. Akanyamaza kidogo. "Sasa mji ukiondolewa halmashauri yake si ndiyo umefutwa huo?" Nilikuwa nimesimama kituo cha basi, mvua inanipiga ubavuni, zamu ya saa moja asubuhi inaningoja. Nikamwambia nitampigia baadaye. Haya, dada, hii ndiyo simu yenyewe, na kwa kuwa wengi wenu wa huku mnaniuliza hilo hilo, naiandika hapa kila mtu asome.

Mie niko Woking, kaunti ya Surrey, dakika kama 25 kwa treni kutoka stesheni ya Waterloo, London. Mwaka wa 20 sasa. Kazi yangu ni ya kea: nazunguka majumbani kuogesha wazee, kuwapa dawa, kuwapashia supu, kuwasikiliza. Siasa za huku sizifuati sana. Lakini kaunsili nazijua kwa mikono, maana kazi yangu yote imekaa katikati ya kaunsili mbili.

Surrey serikali za mitaa zina ngazi mbili. Juu kuna kaunsili ya kaunti, chini yake kuna kaunsili 11 za wilaya, Woking mojawapo. Jumla 12, kwa watu kama milioni 1.2. Mpango huu uliletwa na sheria ya mwaka 1972 ukaanza kazi tarehe 1 Aprili 1974, na waliouchora sijui walikuwa wanakula nini. Pipa la taka lililo mlangoni kwangu ni la wilaya. Taka hizo hizo nikizipakia kwenye gari nikazipeleka dampo mwenyewe, dampo ni la kaunti. Majani yaliyodondoka barabarani hufagiwa na wilaya, shimo lililofichwa na majani huzibwa na kaunti. Maktaba kaunti, bwawa la kuogelea wilaya. Shule kaunti, kibali cha kuongeza chumba wilaya. Mzee akihitaji mtu wa kumwogesha ni kaunti. Mzee huyo huyo akikosa pa kulala ni wilaya.

Na bili ya kodi ya kaunsili huja na nembo ya Woking juu yake, basi laana zote za mwezi Aprili zinaishia Woking, wakati fungu kubwa kabisa linakwenda kaunti, lingine polisi, Woking inabakiwa na kipande kidogo tu. Ni kama konda wa daladala. Yeye ndiye anayeshika nauli, yeye ndiye anayetukanwa, na jioni hesabu anampelekea tajiri.

Majina nayo! Runnymede ni uwanda wa majani kando ya mto Thames ambapo Mfalme John alikubali ile Magna Carta, hati ya kumwekea mfalme mipaka, mwaka 1215. Leo ni jina la kaunsili. Spelthorne nimeitafuta sana kwenye ramani nilipoanza kazi, nikidhani ni mji. Hakuna mji huo, hakuna stesheni yake, ukitaka kwenda Spelthorne unashuka Staines. Na ofisi kuu ya kaunti yenyewe, tangu 1893, ilikuwa Kingston. Mwaka 1965 Kingston ikaingizwa London, lakini ofisi ikabaki pale pale mpaka 2020 ilipohamia Reigate. Miaka 55 Surrey inaendeshwa kutoka nje ya Surrey. Msicheke, nyumbani nasi tulikuwa nazo halmashauri za hivyo, wananchi kijijini na mkurugenzi mjini, mpaka 2019 zikaamriwa zihamie kwenye maeneo yao.

Nieleze kwa nini mie, ninayependa vitu vidogo vidogo, duka dogo, msikiti mdogo, niliposikia kaunsili zitaunganishwa sikununa.

Kabla sijahamia Woking nilifanya kazi kaunti nyingine, nayo ya ngazi mbili. Siitaji, na mji siutaji. Nilikuwa na mteja mmoja, dereva wa basi mstaafu, amekatwa mguu kwa sukari. Bafu lake liko juu ghorofani. Kila asubuhi nilimwogesha jikoni kwa beseni, pazia limefungwa, redio imewashwa kwa sauti ili asiisikie aibu yake mwenyewe. Haki yake ilikuwepo: kuna ruzuku ya kisheria ya kurekebisha nyumba ya mlemavu, angejengewa bafu la chini. Ila pesa ya ruzuku iko wilayani, kwa sababu ni mambo ya nyumba. Na mtaalamu wa kuja kupima kama kweli hawezi kupanda ngazi yuko kaunti, kwa sababu ni mambo ya ulemavu. Wilaya haitoi pesa bila karatasi ya mtaalamu. Mtaalamu ana foleni. Karatasi ikatoka, ikapelekwa wilayani, wilaya nayo ina foleni yake, kisha ikaonekana vipimo vya mlango havijaandikwa, karatasi ikarudi kaunti. Nilipiga simu mie, alipiga binti yake kutoka Leeds. Kila upande walikuwa wapole, kila upande walisema, "Hilo sasa liko kwa wenzetu." Miezi 11.

Bafu likajengwa. Zuri, vigae vyeupe, kiti cha kukunja ukutani. Alilioga wiki sita, akafariki.

Basi mtu akija kuniambia kaunsili mbili ziwe moja, kitu cha kwanza ninachokiona ni lile beseni.

Mambo yenyewe yalianza Desemba 2024. Serikali ya chama cha Labour ilitoa waraka wake kuhusu ugatuzi wa England, wakati huo Angela Rayner ndiye waziri mwenye dhamana, na ndani yake mna hili: ngazi mbili ziishe nchi nzima, kila mahali pawe na kaunsili moja inayofanya yote. Ukubwa waliouona unafaa ni watu 500,000 au zaidi. Februari 2025 maeneo yote 21 yaliyobaki na ngazi mbili yakaandikiwa barua: leteni mapendekezo. Surrey ikawekwa mbele ya wote. Uchaguzi wa kaunti uliokuwa ufanyike Mei 2025 ukaahirishwa mwaka mzima, na mapendekezo yakatakiwa yawe mezani tarehe 9 Mei.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ugomvi ulikuwa wa hesabu: mbili au tatu? Kaunti ilitaka Surrey ikatwe vipande viwili, Mashariki na Magharibi. Wilaya nyingi zilitaka vitatu, na Kaskazini iwepo: Spelthorne, Runnymede na Elmbridge peke yao kule kwenye mto na uwanja wa ndege. Vikachapishwa vitabu. Vikatolewa vijikaratasi vya kurasa nne vyenye picha za familia zinazocheka bustanini. Kiangazi serikali ikakusanya maoni. Wakubwa wa mbili wakasema kubwa ni nafuu, wakubwa wa tatu wakasema ndogo iko karibu na watu. Ukiwasikiliza ungedhani wanabishana kuhusu karibu na mbali.

Mie nilikwenda kwenye mkutano mmoja. Nilitoka zamu moja kwa moja, sare ya kazi ndani ya koti, mtandio kichwani, nikakaa safu ya nyuma karibu na chai. Ukumbi umejaa wazee. Tungekuwa nyumbani ningesema ni mkutano wa wazee wa kijiji, tofauti ni mbwa wawili waliolala chini ya viti. Ramani mbili ukutani, moja ya rangi mbili, moja ya rangi tatu. Mabwana wakaeleza. Maswali yakaanza, na dakika mbili tu zilitosha kujua kilichowaleta watu pale. Akasimama mzee mmoja, koti la mvua la kijani, akasema yeye ni mtu wa Farnham, amelipa kodi zake miaka 40, na anachotaka kujua ni kwa nini Farnham ilipie maghorofa ya Woking.

Makofi.

Nikajikuta nakunja sare yangu ndani ya koti kana kwamba imeandikwa anuani yangu.

Niwaeleze hilo la maghorofa. Tarehe 7 Juni 2023 Woking ilitoa notisi ya kifungu cha 114. Kaunsili ya huku haifilisiki kama duka, haifungwi milango ikapigwa mnada. Ila ikifika mahali haiwezi kulinganisha mapato na matumizi, ofisa wake mkuu wa fedha hutoa notisi hiyo, na matumizi yote yasiyo ya lazima yanasimama. Woking pengo lilikuwa pauni bilioni 1.2. Bilioni, siyo milioni. Na pesa ya msingi ya kuendesha kaunsili mwaka ule ilikuwa kama milioni 16. Mji wa watu laki moja na kidogo! Walikopa miaka na miaka, tena sehemu kubwa kutoka serikali kuu yenyewe, kwa ajili ya kuujenga upya mtaa wa Sheerwater na kusimamisha Victoria Square pale katikati: maduka, nyumba za ghorofa, hoteli. Minara hiyo unaiona kutoka kila upande. Nikiwa nyumbani kwa mteja Horsell naiona, nikiwa kwenye treni nairudia, usiku ina taa nyekundu juu ili ndege zisiigonge. Serikali ilikuwa imekwisha kuleta makamishna wa kuisimamia kaunsili. Aprili 2024 Woking ikaruhusiwa kupandisha sehemu yake ya kodi kwa karibu asilimia 10, na kwenye orodha ya vitu vya kukatwa vikaingia mpaka vyoo vya umma.

Ndivyo mji mzima ulivyopata sifa. Ukisema unatoka Woking watu wanatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo, kama ukisema unatoka kwenye ile nyumba ambayo baba aliweka shamba rehani.

Na siyo sisi peke yetu, ingawa sisi ndio wimbo. Spelthorne walikopa zaidi ya bilioni moja kununua majengo ya ofisi ili wale kodi ya pango, kisha korona ikaja watu wakaanza kufanyia kazi vitandani. Runnymede nao wana mzigo wao wa aina hiyo hiyo. Sasa chukueni ramani ya vipande viwili. Mashariki: Elmbridge, Epsom na Ewell, Mole Valley, Reigate na Banstead, Tandridge. Magharibi: Guildford, Waverley, Surrey Heath, halafu Woking, Spelthorne, Runnymede. Mmeona? Madeni makubwa matatu yote yamelala chumba kimoja. Mzee wa Farnham hakuwa mjinga. Farnham iko Waverley, Waverley iko Magharibi. Alikuwa amesoma posa, akaona mchumba anakuja na madeni.

Nilichokasirika nacho ni kwamba mabwana wa mbele walijibu kwa ramani. Walisema "ufanisi" mara nyingi sana. Hakuna aliyesema wazi kwamba mbili au tatu ni suala la nani alale na deni la nani, na kwamba wazee kama wateja wangu, ambao matunzo yao yanakula bajeti ya kaunti kila mwaka zaidi, ndio waliofanya kaunti itake kipande kikubwa chenye walipa kodi wengi. Mzee mmoja anayehitaji watu wawili wa kumgeuza mara nne kwa siku anaweza kumaliza kodi ya mtaa mzima. Nalijua hilo kwa sababu mie ndiye ninayemgeuza. Lingesemwa tu.

Uamuzi ulitoka tarehe 28 Oktoba 2025: mbili. Surrey Mashariki na Surrey Magharibi, kila moja na watu zaidi ya nusu milioni. Na serikali ikaahidi kulipa pauni milioni 500 za deni la Woking, jambo ambalo haikuwahi kulifanya kwa kaunsili yoyote. Wenzangu kazini walikuwa wanapeana habari tangu asubuhi. Mie, nasema kweli, siku ile sikuwa na masikio. Kesho yake ilikuwa uchaguzi nyumbani, na intaneti ikakatwa, na siku kadhaa sikuweza kumpata dada yangu huyu huyu anayeniuliza leo kama mji wangu unafutwa. Habari za Surrey Magharibi nilizisoma wiki mbili baadaye, kwenye gazeti la bure la treni ambalo mtu alilikalia.

Nikampigia shoga yangu wa Slough. Yeye ni wa Mombasa, mwalimu msaidizi, ana ulimi. Nikamwambia sisi sasa tutakuwa kama nyinyi, kaunsili moja. Berkshire, kaunti yao, iliondolewa kaunsili yake ya kaunti mwaka 1998, ikabaki na kaunsili sita za ngazi moja, Slough ikiwemo. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwenzangu, sisi tuna kaunsili moja tangu hiyo tisini na nane, na tulitoa hiyo notisi yenu ya 114 mwaka 2021. Tuliwatangulia miaka miwili." Nikakata tamaa ya kubishana naye. Ni kweli. Beseni na bafu yatatibiwa na kaunsili moja. Kukopa hakutibiwi na idadi.

Kuna jambo lingine ambalo silisikii likisemwa, na mie limenikera kuliko minara. Mapipa. Kwa miaka sasa Woking, Surrey Heath, Elmbridge na Mole Valley zinazoa taka kwa mkataba mmoja. Kaunsili nne zilikaa zenyewe, bila waziri, zikaona malori ni ghali, zikakodi kwa pamoja. Ndiyo muungano wenyewe huo! Sasa Elmbridge na Mole Valley zinakwenda Mashariki, Woking na Surrey Heath Magharibi. Kwa hiyo katika kuunganisha, kilichokwisha kuunganishwa kitabidi kipasuliwe, au kiwekewe viraka. Nilimuuliza kijana wa lori la taka asubuhi moja kama amesikia lolote. Akanijibu, "Mama, mie naambiwa mtaa tu."

Ningekuwa na Mzee ningemuuliza yeye. Baba yangu alikuwa karani wa halmashauri Pangani. Mwaka 1972, mwaka ule ule Waingereza wanapitisha sheria yao ya ngazi mbili, Mwalimu alizifuta halmashauri za wilaya. Madaraka Mikoani, ndivyo ulivyoitwa mpango ule, na ukilifikiria jina unaweza kudhani madaraka yalikwenda kwa watu. Yalikwenda kwa maofisa wa serikali kuu waliotumwa mikoani. Mzee alisema asubuhi alikwenda ofisini kama kawaida, akakuta kiti kile kile, faili zile zile, Mhindi wa duka la mbele bado anamdai ile ile, ila mwajiri ni mwingine. Mhuri wa halmashauri ulikatwa kona kwa wembe ili usitumike tena, akaruhusiwa kuuchukua. Mie nilizaliwa mwaka uliofuata, na mhuri ule ndio uliokuwa kitu chetu cha kuchezea. Tulipiga chapa kwenye majani ya mgomba, kwenye matumbo yetu. Halmashauri ya Wilaya ya Pangani, na kona imekatika. Halmashauri ziliporudi, sheria ikiwa ya 1982 na zenyewe zikasimama 1984, zilirudi na mhuri mpya, na Mzee akatoa ule wa zamani kabatini akaulinganisha na mpya kwa muda mrefu bila kusema neno. Watu wa Dar wa rika langu wana yao: jiji lao lilivunjwa 1996 wakapewa tume, likarudi 2000 na manispaa tatu chini yake, likavunjwa tena Februari 2021, na Ilala ikaamka siku moja inaitwa Jiji la Dar es Salaam. Ukikulia huko, habari ya kaunsili kufutwa haikunyimi usingizi.

Kitu kimoja tu ndicho kilichoninyima.

Yule mzee wa Farnham alipokaa, na baada ya mama mmoja kuuliza kuhusu maegesho, nilinyoosha mkono. Sikuwa nimepanga. Nikasema natoka Woking, na kicheko kidogo kikapita ukumbini, siyo kibaya. Nikauliza: "Na makaburi?"

Bwana wa mbele hakuelewa. Nikamweleza. Brookwood, ile ardhi kubwa ya makaburi iliyo wilayani Woking, ilifunguliwa 1854 wakati London imejaa maiti haina pa kuzika. Kulikuwa na treni maalumu za kuleta wafu kutoka Waterloo mpaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndiyo kubwa kuliko zote Uingereza. Ilipita mikono ya makampuni, ikaachwa ikamea magugu, mpaka Desemba 2014 kaunsili ya Woking ikainunua. Hilo nalo lilinunuliwa na kaunsili hii hii ya madeni, na mie kwa hilo nawashukuru. Sisi Waislamu wa hapa tuna deni na Woking kwa mambo mawili: msikiti wa Shah Jahan, uliojengwa 1889, wa kwanza nchini humu kujengwa uwe msikiti tangu msingi, na sehemu yetu pale Brookwood. Kuna Waswahili wamelala pale. Kuna shoga yangu mmoja wa Lamu, tulikuja naye nchi hii mwaka mmoja, tulilala chumba kimoja Southall na kula mkate wa jana. Amelala pale tangu 2019. Hana mtoto, hana ndugu huku. Karatasi ya kaburi iko kwangu, ina jina langu, na juu ina nembo ya kaunsili ya Woking.

Ukumbi ulikuwa umetulia. Yule bwana, nampa haki yake, hakujibu kwa ramani. Alisema siku ya makabidhiano, tarehe 1 Aprili 2027, kila kilicho cha kaunsili za zamani kinahamia kwa mpya: majengo, mikataba, wafanyakazi, mali na madeni. Makaburi pia. Karatasi yangu itakuwa halali kama ilivyo. Nikamshukuru nikakaa. Mzee wa Farnham akageuka akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, kwamba mke wake naye yuko Brookwood. Kisha akaongeza, "Basi hilo angalau tutalilipia pamoja," na akageukia mbele tena.

Mei hii ya 2026 tunapiga kura. Tutachagua madiwani wa kaunsili mbili mpya, ambazo mwaka wa kwanza zitakuwa kivuli tu, zinajipanga huku zile 12 za zamani zikiendelea kuzoa na kuziba na kufagia mpaka Aprili ya 2027. Nawakumbusha wenzangu wenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda: sisi ni watu wa Jumuiya ya Madola, tukiwa na ukaazi halali tunaruhusiwa kupiga kura huku, ilimradi umejiandikisha. Wengi hamjui hilo. Mie pasi yangu bado ni ya Tanzania na nimepiga kura kila mwaka wa uchaguzi tangu 2007, na mara zote nimempigia mtu aliyebisha mlango wangu akakubali kunywa chai.

Ijumaa baada ya sala nilipita Brookwood. Baridi, matope, kunguru wamejaa kwenye misonobari. Nilimsafishia shoga yangu majani, nikamsomea Yasini, nikamweleza kwamba anahamia Surrey Magharibi. Alikuwa mtu wa kucheka sana. Nikirudi nyumbani nilitoa ile karatasi nikaipiga picha pande zote mbili, nikatoa nakala mbili maktabani, senti 20 kila moja, maktaba ya kaunti. Nakala moja imo kwenye bahasha inakuja kwako, dada. Iweke pale kwenye bati la biskuti, pamoja na ule mhuri.